Kifungo Kisipungue

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza alfajiri na hamira imegoma. Kila mwaka ni hivi hivi. Siku ya kwanza ya mvua unga unanuna, unakaa kwenye trei kama mtu aliyekosewa, na Bosi anapita nyuma yangu akiuliza mbona mikate imekuwa midogo, utadhani baridi naileta mimi kwenye mkoba. Nimemwambia akaiulize mbingu. Hakucheka.

Baada ya zamu nimekwenda wizarani kupeleka ombi la mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Sisi tunamwita Kinanda kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe; asipozungumza anaimba, asipoimba anavuma puani. Alikuwa dereva wa lori. Mwaka juzi alikamatwa nchi ya pili na sigara za magendo chini ya magunia ya vitunguu, akafungwa huko huko. Alijua kwamba zimo. Sitajidanganya humu, maana humu hakuna wa kumdanganya.

Sasa nchi yetu na ile zimetiliana saini mkataba wa kuhamishana wafungwa. Mtu aliyefungwa ugenini anaweza kurudishwa kwao akamalizia kifungo nyumbani. Niliisikia habari hiyo redioni nikiwa nakanda, nikaacha unga ukauke mezani. Gereza letu liko nyuma ya uwanja wa mpira, ni basi moja tu kutoka hapa. Mama angeweza kumwona kila Jumamosi.

Kumwona, ndiyo. Mama ana presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha, na la kushoto daktari anasema halitafika mvua za mwakani likiwa na kazi. Huko aliko Kinanda ni siku tatu barabarani na Mama hawezi kukaa garini hata nusu siku. Wafungwa wa kule hawaruhusiwi kupigwa picha. Nataka mama yangu amwone mwanawe angali ana jicho la kumwonea. Hilo tu ndilo ninalolitaka na wala si kubwa.

Afisa aliyenipokea ni mwembamba, ana kalamu tatu mfukoni na hatumii hata moja. Ametaja neno "taratibu" mara nyingi mpaka nimempa jina: Bwana Taratibu. Ameniambia masharti. Hukumu iwe ya mwisho, pasiwe na rufaa. Kosa liwe kosa kwa nchi zote mbili. Serikali zote mbili zikubali, na mfungwa mwenyewe akubali. Na siku serikali ya pili inapotia saini, kifungo kilichobaki kisipungue mwaka mmoja, la sivyo wanaona ni usumbufu wa bure. Kinanda amebakiza mwaka na miezi mitano. Nikasema nafasi ipo tele. Bwana Taratibu akatikisa kichwa, sijui alikuwa anakubali au anafukuza nzi.


Alhamisi, 6 Machi

Hukumu lazima itafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Anayetambulika ni mmoja, na ana mafua.


Jumapili, 9 Machi

Jumapili ndiyo siku ya Kinanda kupiga simu. Wanapewa dakika chache, na nusu ya dakika hizo anamalizia kumwuliza Mama amekula nini. Nilipopata zamu yangu nimemweleza kuhusu ombi. Amenyamaza. Kinanda akinyamaza unaogopa. Kisha akasema, "Dada, fanya. Nitatia saini popote."

Nimemwambia awe mtoto mzuri, asigombane na mtu, faili lake likionekana safi watamkubali haraka. Habari ya mwaka mmoja sikumwambia. Ana mambo yake ya kutosha kichwani. Akaniuliza afanye nini cha kuwapendeza, maana kuna madarasa ya kuchomelea vyuma, kushona na kuoka. Swali gani hilo la kumwuliza mwoka mikate? Nimemwambia akaoke. Anasema mkate wa gereza lile ukimwangukia mtu mguuni anapelekwa zahanati. Nimemfundisha hapo hapo simuni: maji yawe ya uvuguvugu, chumvi isikutane na hamira mwanzoni, akande mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio. Nimesikia akijishika sikio. Akasema, "Ya kwangu au ya askari jela?"


Ijumaa, 14 Machi

Mfasiri amepona, sasa umeme umekatika mtaani kwake.

Bwana Taratibu naye ameibua jambo jipya. Kule Kinanda alifungwa kwa kosa la magendo. Hapa kwetu kitendo kile kile sheria inakiita kukwepa ushuru, kwa hiyo inabidi idara ya sheria itoe maoni kama ni kosa lile lile. Nimemwuliza kama sigara zinabadilika zikivuka mpaka. Amesema sigara hazibadiliki, inabadilika sura ya sheria. Nimeondoka kabla sijasema lililokuwa ulimini.


Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda. Hayupo, yuko semina.


Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda. Yupo. Faili halipo.


Jumanne, 1 Aprili

Nilifikiri ni mzaha wa siku ya wajinga, lakini ni kweli: faili la mdogo wangu lilikuwa kwa watu wa mifugo.

Ilikuwa hivi. Wiki iliyopita mvua ilipenya dari la idara yao. Wafanyakazi wakakusanya mafaili yote ya sakafuni, wakayapeleka ghorofa ya juu kwenye ofisi yenye nafasi, nayo ni ya mifugo. Walipoyarudisha, la Kinanda likabaki. Limekaa siku zote hizo katikati ya chanjo za ng'ombe, na hakuna mtu wa mifugo aliyejiuliza kwa nini ng'ombe huyu ana kifungo.

Nimelia. Nimekaa kwenye benchi la korido nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na hasira ikiisha kutoka kwa macho inakuacha na kichwa kizito na pua imeziba. Bwana Taratibu akaja kusimama mbele yangu. Akasema mvumilivu hula mbivu. Nimemwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi tumbo langu limeshaumia, na kama ana methali nyingine aiweke akiba. Watu wa foleni wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Akasema faili sasa liko mezani kwake, halitaondoka hapo bila yeye, na kwamba amekuwa akipiga simu nchi ile kwa salio lake mwenyewe kwa sababu simu ya ofisi haitoki nje.

Sikumwamini. Mtu mwenye kalamu tatu asizozitumia atakuwa na salio la kumpigia nani?

Kwa vyovyote, mwezi umepita. Nilipoanza Kinanda alikuwa na mwaka na miezi mitano. Sasa ni mwaka na minne. Usiku Mama aliomba kwa sauti kifungo cha mwanawe kiishe upesi, nami nikiwa chumba cha pili nikaomba kisiishe upesi hivyo. Sijui kama kuna dada mwingine aliyewahi kuomba ndugu yake abaki na kifungo kirefu. Nikisikika nitafungwa mimi.


Jumapili, 6 Aprili

Mkate wa Kinanda umeumuka. Amesimulia dakika zake zote, hata Mama hakuulizwa amekula nini. Anasema alipoutoa tanurini askari jela wawili walisimama kuuangalia. Wamemweka kuwa msimamizi wa tanuri. Nimemfundisha kutia chale juu ya mkate kabla ya kuoka ili usipasuke ubavuni. Nimejiona bosi kuliko Bosi.


Ijumaa, 11 Aprili

Mama amemimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Nimepangusa meza, nikammiminia upya mwenyewe.


Jumanne, 15 Aprili

Mto umekula barabara. Upande wetu na upande wa mjini zimetenganishwa na maji ya rangi ya kahawia yenye magogo na, nimeiona kwa macho yangu, friji. Kiwanda cha mikate kimefungwa kwa sababu unga hauwezi kufika. Bosi ametuambia tukae nyumbani. Watu wenye akili wamekaa.

Mimi nimezunguka kwa miguu kupitia daraja la reli, viatu mkononi, mpaka wizarani. Leo ndiyo siku niliyoambiwa maoni ya idara ya sheria yatakuwa tayari. Nimefika nimelowa mpaka kwenye mifupa. Mlinzi wa getini akaniangalia kuanzia chini, akapanda juu polepole, akaniuliza kama nimekuja kuogelea. Ofisi zimefungwa kwa mafuriko, hakuna mtu, tangazo limebandikwa. Nikaliangalia lile tangazo. Wino ulikuwa umechuruzika, hata kusomeka halisomeki.

Nilitaka kumkasirikia mlinzi, lakini akanipa gunia nijifunike na kunihifadhi kwenye kibanda chake mpaka mvua ikapungua. Akaniuliza ninamtafuta nani. Nilipomwambia, akasema yule mzee alikuja asubuhi naye, kwa miguu pia, akakuta mlango umefungwa, akarudi. Nimekaa na maneno hayo njia nzima ya kurudi. Sikuyapenda, kwa sababu yananiharibia hasira yangu.


Jumatano, 23 Aprili

Maoni yametoka: kosa ni lile lile. Mwezi na ushei kujua hilo. Faili limepanda kwa naibu waziri. Naibu waziri amesafiri.


Jumapili, 27 Aprili

Mtandao mbovu. Simu imeita mara moja, ikafa. Mama ameishika mkononi mpaka chakula cha mchana, kisha akaiweka chini ya mto wake kana kwamba itaanguliwa.


Ijumaa, 2 Mei

Amesaini. Naibu waziri amesaini, naandika tena nipate kuamini. Serikali yetu imekubali kumpokea Kinanda. Bwana Taratibu mwenyewe ndiye aliyenipigia, nami nikiwa na mikono yote miwili ndani ya unga. Simu bado ina unga kwenye matundu ya spika.

Nimemchagulia mkate mmoja mkubwa, ule wa maziwa, nikampelekea ukiwa moto. Amekataa. Maafisa hawaruhusiwi kupokea zawadi, ni taratibu. Nimemwambia basi si wake, ni wa dawati. Akatafakari sana, kisha akaukata kwa rula mbele ya watu na kuwagawia wote waliokuwa kwenye foleni, yeye akachukua kipande cha mwisho, kile cha kisigino. Anatafuna kama anavyofanya kazi, polepole na mpaka mwisho. Nimegundua kwamba sikereki naye tena kama zamani. Imebaki saini ya upande wa pili tu, na amesema wanayo karatasi yao tayari, wanasubiri mkutano wa kamati.

Nimemwambia Mama. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akulipe." Kisha akauliza kama chumvi imekwisha. Nilitegemea zaidi ya hapo, nakiri.


Jumatano, 7 Mei

Hakuna jipya. Mvua. Bosi anasema nikiomba ruhusa tena niombe na kazi nyingine.


Jumanne, 13 Mei

Bwana Taratibu amekuja kiwandani.

Nilikuwa natoa trei za saa nne. Mwenzangu akanigusa bega kwamba kuna mzee mlangoni ananiulizia. Alikuwa amesimama chini ya bati la kupakilia mikate, mwavuli umevunjika ubavu mmoja, suruali imelowa mpaka magotini. Afisa wa serikali hatoki ofisini kuja kumtafuta mkanda unga kwa ajili ya habari njema. Habari njema zinapigiwa simu. Nilijua kabla hajafungua mdomo, nikataka arudi alikotoka na habari yake.

Akaomba tukae. Tumekaa juu ya magunia. Akatoa kalamu moja mfukoni, akaishika tu.

Kamati ya kule ilikutana jana, akasema. Walilifikia faili la Kinanda na hawakuwa na tatizo na chochote. Lakini gereza lilikuwa limewapelekea taarifa mpya wiki iliyopita. Mfungwa amehitimu darasa la kuoka, tena kwa alama za juu kuliko wote. Sheria yao inasema mfungwa akipata cheti cha ufundi anapunguziwa kifungo miezi mitatu. Kinanda alikuwa amebakiza mwaka na miezi miwili na siku kadhaa. Ukitoa mitatu, mwaka haupo. Amekosa kwa wiki mbili. Ombi limekataliwa.

Nilimwomba arudie. Akarudia neno kwa neno, hakuongeza la kunipoza.

Nikamwuliza kama Kinanda anaweza kulikataa punguzo. Akasema aliwauliza hivyo hivyo, jana ile ile, na walimcheka. Cheti kikiandikwa punguzo linaingia lenyewe, halina mtu wa kulikataa. Nikamwuliza ingekuwaje faili lisingelala kwa ng'ombe. Akairudisha kalamu mfukoni. Kisha akasema, "Lingewahi. Hilo siwezi kukuficha, mama."

Heri angenificha. Nilitaka mtu wa kumrukia, na pale hapakuwa na mtu. Dari lililovuja? Mfasiri na mafua yake? Naibu waziri na safari zake? Nikawahesabu mmoja mmoja, na mwisho wa foleni nikajikuta nimesimama mimi, nikiwa na simu sikioni, namwambia mdogo wangu akande mpaka unga uwe kama ndewe ya sikio. Angekuwa mvivu angekuwa njiani anakuja. Angepigana na mtu mara moja tu, angekuwa njiani anakuja. Nilimwambia awe mtoto mzuri, na huyu ambaye tangu utotoni hasikii la ndewe wala sikio, safari hii alisikia.

Bosi alitoka kuniita, akaniona, akarudi ndani. Bwana Taratibu alikaa nami mpaka mvua ilipopungua. Hakutoa methali. Wakati wa kuondoka akasema faili lazima lifungwe kwa saini yangu, niende nikiwa tayari.

Trei za saa nne zimeungua zote.


Jumatano, 14 Mei

Sijamwambia Mama.


Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda kusaini. Foleni ileile, benchi lilelile. Pembeni yangu alikaa mwanamke mwenye kilemba cha kijani na bahasha ameikumbatia. Mwanawe wa kiume amefungwa nchi ile ile, naye amesikia redioni kama mimi. Alikuwa na matumaini yote usoni, kama mimi wa mwezi Machi, na nilishindwa kumwangalia. Aliposikia kwamba mimi nimeshapita njia hiyo akanigeukia mzima mzima na kuniuliza, "Dada yangu, nimwambie mwanangu afanye nini ili wamkubali?"

Nikamwambia, "Mwambie asijifunze chochote. Akae kama gogo. Wema utamponza."

Akanitazama. Nikaitwa dirishani, nikasaini, nikatoka bila kumuaga.


Jumapili, 18 Mei

Simu imeita baada ya chakula. Nilikuwa nimejipanga nimwambie Mama kabla haijaita, nikaahirisha mpaka baada ya kuosha vyombo, vyombo vikaisha, na simu ikaita.

Kinanda alikuwa anapiga kelele. Amepunguziwa, dada, amepunguziwa miezi mitatu. Ameshinda hata yule mzee aliyekuwa akioka kabla ya kufungwa. Mkuu wa gereza ameula mkate wake mbele ya watu. "Ni mkono wako huu, dada. Mimi nimeuazima tu." Nikasema hongera. Nilisema vizuri, nadhani, lakini huyu nimembeba mgongoni, anaijua sauti yangu hata nikikohoa. Akauliza, "Na ile ya kuhamishwa?"

Nikamwambia. Nilijaribu kuifupisha na haikufupika. Nilipofika kwenye mwaka mmoja alisema "ahaa" kidogo sana, kama mtu aliyejikata kisu jikoni na hataki watu wajue. Akasema angejua angeuunguza ule mkate wa mtihani. Akauliza kwa nini sikumwambia. Dakika zake zilikuwa zinakwisha.

Mama akanyoosha mkono. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amesikia yote, maana simu yangu tangu iingie unga inasikika mpaka kwa jirani. Akaichukua, akaiweka sikioni, akamwambia kwanza aache kulia. Kisha akamwambia mbona yeye amefurahi. Akasema, "Mimi sikuomba uletwe. Niliomba utoke."

Miezi yote hii, matope yote yale, daraja la reli na viatu mkononi, kumbe mimi na mama yangu tulikuwa tunamvuta Mungu huku na huku, kila mtu na upande wake. Nikamwuliza hapo hapo, Kinanda akisikia, kwa nini hakuniambia. Mama akasema nilikuwa na bidii sana, angenikatizaje. Akasema pia hakupenda kwenda kumwangalia mwanawe Jumamosi kama mgonjwa. Anataka mtu atakayeingia kwa mlango huu na kuuacha wazi nyuma yake kama kawaida yake, agombezwe.

"Na macho, Mama?" nikasema. Tulikuwa hatujawahi kulitaja neno hilo ndani ya nyumba hii. "Akija hutamwona."

Hakunijibu mimi. Alimwambia Kinanda, "Hebu niambie, umekuwaje siku hizi? Umenenepa?"

Akasema hapana, amekonda kidogo.

"Nywele je?"

Kinanda akasema nywele zimekwisha, Mama. Zimeanza kutoka katikati, sasa zimebaki pembeni tu, na sikio la kushoto limejitokeza zaidi kuliko la kulia.

Mama alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mvua zianze, alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi nimeshakuona," akasema. "Kichwa hicho nimelala nacho miaka thelathini. Mwachie daktari macho yake."

Ni kweli. Baba yetu alikuwa hivyo hivyo, upara katikati na sikio moja la kushoto linalotangulia mbele ya mwenyewe. Kinanda naye akaanza kucheka huko aliko, na kicheko chake ndicho tulichokuwa nacho sikioni wakati simu ilipokatika. Mama aliendelea kuishika. Akapeleka mkono wa pili hewani, mbele yake kidogo, kimo cha mtu aliyeketi, akaupitisha kama anayefuta vumbi juu ya kitu cha duara. Nimetoka nje nikasimama barazani mpaka nikalowa. Bado nina hasira. Nina hasira na wote, na hasira yenyewe haina tena pa kukaa.


Jumanne, 20 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi unga umeumuka mpaka ukavuka kingo za trei, ukamfuata Bosi mezani.

Nimeomba ruhusa. Bosi alifungua mdomo, akaufunga. Nimekwenda wizarani, nikakaa kwenye benchi nikisubiri kilemba cha kijani. Bwana Taratibu akanichungulia dirishani, akauliza nina shida gani tena, faili langu limefungwa. Nimemwambia sina shida, nimekuja kukaa. Akasema kukaa hakuna taratibu yake. Nadhani huo ulikuwa mzaha, wa kwanza tangu nimjue.

Yule mwanamke alikuja karibu na mchana, bahasha kifuani. Aliponiona alipunguza mwendo. Nikasimama nikamwambia nimekuja kuyarudisha maneno yangu ya siku ile. Asimwambie mwanawe akae kama gogo. Amwambie ajifunze chochote anachofundishwa, na ya mkataba atuachie sisi na huyu bwana wa dirishani.

"Nilishamwambia Jumapili," akasema.

Nikamwuliza alimwambia nini.

"Aende darasa la kuoka. Anasema kuna fundi mmoja kule, ana upara, anawafundisha wenzake bure mpaka askari wanakuja kunusa." Akakaa, akaniachia nafasi kwenye benchi. "Nilijua wewe ulikuwa na hasira tu."